Honi Mahali pa Indiketa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake: petroli, lami iliyopigwa na jua, na sabuni ya hospitali ambayo haikuwa ikiisha mikononi mwangu. Nilikuwa kijana. Nilivaa gauni jeupe la unesi juu ya suruali, kofia ngumu kichwani, na nilijiona sina wa kunifundisha jambo lolote kuhusu barabara. Sikusimulii kwa sababu nilifanya vizuri siku hiyo. Nilifanya vibaya. Lakini yaliyofuata baada yake ndiyo yaliyonifanya niwe huyu mama unayemwona akitembea kifua mbele mpaka leo, na magoti yake mabovu.

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa chanjo katika kituo cha afya Kilosa. Kazi yangu ilikuwa kuzifuata zahanati na vijiji vya mbali na sanduku la baridi, nikichanja watoto surua na kupooza. Kwa miaka sita nilizunguka kwa pikipiki moja ndogo, nyekundu, yenye sauti kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Wanawake waliokuwa wakiendesha pikipiki upande ule ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingebaki. Watu wa Ulaya, kile kijiji cha upande wetu, si kule kwa Wazungu, walikuwa wakisikia mlio tu, wanaambiana, "Nesi Debora huyo." Akina mama wanafunga watoto mgongoni na kutoka. Nilipenda jambo hilo, sikufichi. Kupenda kazi si dhambi. Ubaya huja pale mtu anapoanza kujipenda kuliko kazi.

Ikaja miaka ile tuliyoiita ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wewe hukuiona. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, vitambaa na redio. Mitumba ikamwagwa chini Dumila mpaka mtu unachanganyikiwa uchague nini. Na wageni nao wakaanza kupita kwa wingi, kila mmoja na chombo chake. Mmoja wao, mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, alikuwa akizunguka nchi za Afrika kwa pikipiki. Malaria ikamwangusha njiani, akalazwa kwetu wiki tatu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomuuguza. Alipopona, nduguze wakataka arudi kwao kwa ndege, akasema pikipiki yake ibaki kituoni, ifanye kazi ya watoto.

Mwanangu, ile haikuwa pikipiki ya kwendea sokoni. Ilikuwa ya safari ndefu, pana kama ng'ombe aliyenenepa, na masanduku mawili ya chuma ubavuni na kioo cha kukinga upepo mbele. Wenzangu waliiogopa. Mganga mfawidhi wetu, yaani daktari aliyekuwa msimamizi wa kituo, aliuliza nani ataiweza. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza swali.

Yule mzee alinionyesha usukani. Na hapa sikiliza vizuri, maana ndipo penye kisa. Kwenye pikipiki yangu ya zamani, kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinakuta swichi ya indiketa: unaisukuma kulia, taa ya kulia inawaka; unaisukuma kushoto, ya kushoto inawaka. Kwenye hii kubwa, mahali pale pale palikuwa na honi. Indiketa zilikuwa zimegawanywa, ya kushoto mkono wa kushoto, chini kidogo, na ya kulia imehamia mkono wa kulia. Ni vitufe tu, vimehama urefu wa kidole. Mzee wa watu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Pole pole, mama. Siku nyingi hapa, hapa uwanjani. Kwanza mikono, halafu barabara."

Nikamwitikia, "Sawa, sawa," ile sawa ya kumwondoa mtu mlangoni. Nikazunguka uwanja wa kituo mara mbili, nikaridhika. Kwa nini nisiridhike? Nilikuwa Debora.

Siku ya nne nikatumwa Morogoro kuchukua chanjo. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Dumila, kwa hiyo nililazimika kurudi kwa kupitia Mikumi, nishushe chanjo zingine pale, kisha nikunje kulia kuelekea Ulaya, ambako akina mama walikuwa wakinisubiri siku hiyo hiyo. Surua ilikuwa imeshaingia vijiji vya jirani.

Morogoro nilimkuta Mzee Yeremia. Huyu alikuwa jirani yetu Kilosa, Mkaguru, mtu wa kanisani, dereva mstaafu wa garimoshi. Alikuwa ametoka kumwona binti yake na anatafuta usafiri wa kurudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia apande nyuma yangu. Akaizunguka ile pikipiki polepole, mikono nyuma, kama anayekagua behewa.

"Umeizoea hii?" akaniuliza.

"Mzee, pikipiki ni pikipiki."

"Hapana, Debora. Mbona naona swichi zake si kama za ile nyekundu? Simama kidogo uzikumbuke kabla hatujaondoka."

Nikacheka. Nikamwambia apande, jua linapanda na barafu ya chanjo haisubiri. Akapanda.

Safari ilikuwa tamu. Ukiingia ndani ya mbuga ya Mikumi, barabara ile ya lami inanyooka kati ya nyasi, twiga wako kule, pundamilia wako huku, na ile pikipiki inakwenda kama haigusi chini. Nilijisikia kuwa nchi nzima inanitazama. Tulipofika Mikumi nikashusha sanduku la kwanza kwenye kituo cha afya upande wa kuingilia mji, nikarudi barabara kuu, nikaanza kukaribia njia panda ya Kilosa.

Nyuma yangu palikuwa na lori lililobeba mbao. Niliona kwenye kioo. Nikapunguza mwendo, na mkono wangu wa kushoto ukafanya kile ulichofanya kwa miaka sita. Kidole gumba kikasukuma indiketa ya kulia, kumbe kimebonyeza honi. Paaa! Nikashtuka. Kichwa kikaniambia, "Umekosea," lakini mwili ulikuwa umekwisha kuanza kukata kona. Dereva wa lori kaona nini? Kaona pikipiki imepunguza mwendo, haijawasha taa yoyote, halafu imempigia honi. Kwenye barabara kuu hiyo maana yake ni moja: nimekuona, pita. Naye akapita, kwa kulia, pale pale nilipokuwa nakunja.

Alijitahidi. Nilisikia matairi yakilia. Ubavu wa lori ukagusa usukani wangu kidogo tu, kama mtu anavyokugusa bega kukuamkia, na hiyo ikatosha. Tukaingia mtaroni. Mimi nilichubuka viwiko na kidevu. Sanduku la chanjo likapasuka, vichupa vikamwagika kwenye mchanga wa moto, vingine vimevunjika. Na Mzee Yeremia alikuwa amekaa kwenye majani, ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, uso umekuwa wa kijivu, anasema taratibu, "Umevunjika, mwanangu. Usiuguse."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilikuwa baya kuliko hilo. Asiyesikia nilikuwa mimi, na aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

Watu wa njia panda wakajaa, wauza ndizi, wauza karanga, mafundi baiskeli. Dereva wa lori alishuka akikimbia, kijana mmoja, jina lake Kassimu, akawa wa kwanza kushuka mtaroni kumwinua mzee. Watu wakamshika shati. "Umemgonga nesi!" Mmoja akaniuliza, "Nesi, ilikuwaje?"

Na mimi, mwanangu, mimi niliyekuwa nikiimba kwaya, nikasema, "Amenipita kwa fujo. Hakuniona."

Maneno manne tu. Yalitosha Kassimu apigwe makofi mawili kabla askari hajafika, na askari alipofika akampeleka kituo cha polisi na lori likaachwa kando ya barabara. Alipokuwa anaondoka alinitazama. Hakunitukana. Alinitazama tu, kama mtu anayekanushiwa jambo aliloliona kwa macho yake.

Nilimpeleka Mzee Yeremia kituo cha afya, nikasaidia kumfunga mkono kwa vibao. Alisubiri mpaka mhudumu mwingine alipotoka kwenda kuchota maji, ndipo akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Debora, masikio yangu yameharibiwa na injini miaka thelathini, lakini honi naijua. Uliyepiga honi ni wewe."

Nikainama kukaza fundo la bandeji.

"Yule kijana ana watoto au hana, sijui. Najua yuko ndani kwa sababu yako. Mkono wangu utaunga, mfupa ni mfupa. Lakini uongo wako ukiunga, utaunga umepinda, na utatembea nao hivyo maisha yako yote."

"Mzee, nikisema watanipokonya pikipiki. Watasema mwanamke hawezi."

Akafumba macho kwa maumivu, akafumbua. "Watasema hivyo kwa siku chache. Wewe utajisemea nini kwa siku zote?"

Kutoka kituo cha afya mpaka kwa askari hapakuwa mbali, lakini sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Nilifika na gauni lenye damu, nikaomba dereva aletwe mbele yangu, nikasema yote: kwamba nilipunguza mwendo, kwamba sikuwasha taa, kwamba nilibonyeza honi badala ya indiketa kwa sababu nilipanda chombo nisichokijua na kukataa kujifunza. Askari aliandika huku akitikisa kichwa. Nikamgeukia Kassimu nikamwomba radhi.

Akasema, "Dada, barabarani honi ni lugha. Wewe ulinambia pita, nami nikapita. Ningekuua bure, na ningefungwa bure." Halafu akaongeza, "Lakini umekuja. Wengi hawaji." Askari akamwachia, naye akaenda zake kuendelea na safari.

Kesho yake, kwa lifti ya gari la mbolea, nikaenda Ulaya. Mganga mfawidhi alikuwa tayari kumtuma mtu mwingine akawaeleze akina mama. Nikamwambia hapana, kosa ni langu, mdomo uwe wangu. Niliwakuta baadhi yao bado wapo, wale waliotoka milimani wakalala kwa ndugu. Nikawaambia chanjo zimemwagika, na nikawaambia kwa nini. Mama mmoja aliyekuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, alinisikiliza mpaka mwisho. Sikupata huruma kwake, wala sikustahili. Alisema, "Nesi, mimi nimetembea tangu alfajiri ya juzi. Sitaki pole. Nataka siku."

Nikamwambia, "Wiki mbili kutoka leo. Mimi mwenyewe."

"Kwa pikipiki ile ile?"

"Kwa ile ile."

Usiniulize ujasiri ule niliutoa wapi. Maana pikipiki ilikuwa imebebwa kurudi Kilosa na ufunguo wake ulikuwa umefungiwa kwenye droo ya mganga mfawidhi, na alikuwa ameniambia wazi, "Utatoka humu siku Mzee Yeremia atakaponiambia utoke."

Basi nikaenda kwa Mzee Yeremia. Nilitegemea anifukuze. Mkono wake ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, anakunywa uji. Akaniambia niketi, akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia.

"Mimi nilianza na garimoshi la mvuke," alisema. "Nilikuwa hodari, watu wa stesheni walikuwa wanarekebisha saa kwa filimbi yangu. Ikaletwa injini ya dizeli. Kila kitu kimehama. Breki haipo ilipokuwa, filimbi haipo ilipokuwa. Wenzangu wawili walikataa kujifunza upya, wakasema wao ni madereva wa zamani. Walimaliza kazi wakifagia yadi. Mimi nilijifunza kwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Aliniambia kitu: kichwa kinaambiwa mara moja, mkono unaambiwa mara mia. Na alinifunga macho."

"Macho?"

"Lete kanga. Ufunguo nitauomba mimi kila asubuhi na kuurudisha jioni. Kesho tunaanza."

Mwanangu, kwa siku kumi mfululizo nilikaa juu ya pikipiki iliyosimama, katikati ya uwanja wa kituo cha afya, nimefungwa kanga machoni kama mbuzi wa mnada. Mzee Yeremia amekaa kwenye kiti na mkono wake mbovu, anatamka: "Kulia! Honi! Kushoto! Taa! Kulia! Kulia! Honi!" Nami vidole vinatafuta. Nikikosea, honi inalia mtaa mzima unajua. Wagonjwa waliokuwa foleni walisahau homa zao wakinicheka. Wauguzi wenzangu walipita na sahani za dawa wakisema, "Nesi, kata kona!" Siku ya pili nililia ndani ya ile kanga, na mzee aliona kitambaa kimelowa. Hakunibembeleza. Alisema, "Kulia!" nami nikabonyeza, na ilikuwa kweli kulia.

Kikubwa nilichogundua ni hiki: kujifunza jipya hakukuwa kugumu, kuliacha la zamani ndiko kulikokuwa kugumu. Kidole changu hakikuwa kijinga. Kilikuwa hodari mno kwa kazi iliyokwisha. Ilibidi nikifundishe taratibu, bila kukitukana, mpaka kikakubali.

Siku ya tisa nilimaliza asubuhi nzima bila kosa hata moja. Siku ya kumi mzee alinitaka nifanye hivyo huku ananisimulia habari za kwao, ili kichwa kiwe mbali na vidole vibaki peke yao. Havikukosea. Ndipo tukaanza barabara, kwanza Kimamba kwenye mashamba ya katani, kisha Msowero, ambako ng'ombe wa wafugaji wanavuka bila kuuliza mtu. Kule ndama alichomoka kwenye nyasi mbele yangu, na kabla sijawaza, honi ilikuwa imekwisha kulia. Mfugaji aliinua fimbo yake kunisalimia. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia.

Siku niliyowaahidi akina mama ikafika. Chanjo zilikuwa Morogoro, barabara ya Dumila bado mbovu. Mzee alikwisha kusema ufunguo utoke, mganga mfawidhi akafungua droo akanipa mkononi. Nilipotoka nje nilimkuta Mzee Yeremia amesimama kando ya pikipiki, amevaa koti lake la reli, mkono bado shingoni.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Morogoro na Mikumi na Ulaya. Kwani wewe unakwenda wapi?"

"Mzee, mkono..."

"Mkono mmoja unatosha kukushika bega. Nikikuruhusu uwabebee watoto wa watu dawa, na mimi mwenyewe naogopa kupanda, nitakuwa nimekuruhusu kwa mdomo tu."

Nimepokea vyeti katika maisha yangu. Viko ukutani, vingine vimeliwa na mchwa. Hakuna hata kimoja kinachofikia uzito wa mkono ule mmoja wa mzee begani kwangu tangu Kilosa mpaka Morogoro, na kurudi kupitia mbugani. Hakuukaza. Tulipoikaribia njia panda ya Mikumi niliona kwenye kioo cha moyo wangu kila kitu cha siku ile, na kwenye kioo cha pikipiki palikuwa na basi nyuma yetu. Kidole gumba cha kulia kikaenda mahali pake. Taa ikaanza kupepesa. Basi likapunguza mwendo, likatusubiri. Nikakunja kulia kwa utulivu, tukaingia barabara ya vumbi, na Mzee Yeremia akanipiga bega mara mbili.

Ulaya walitusikia kabla ya kutuona. Mama wa mapacha alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Watoto wake wote wawili walilia walipochomwa, na mimi nilisikia kilio kile kama vigelegele. Surua ilipopita upande ule mwaka huo, watoto niliowachanja siku ile walibaki wakicheza. Huo ndio urithi wangu, na sioni haya kujivunia.

Baadaye kituo kilipata wauguzi wengine wa kuendesha, wanawake kwa wanaume, na mimi ndiye niliyewafundisha. Kila mmoja nilimfunga kanga machoni. Walinung'unika wote, hakuna aliyeangusha chanjo.

Sasa mwanangu, nikuachie maneno yangu wazi wazi, usije ukasema mama alizungumza kwa mafumbo. Dunia itakuhamishia vitu. Utakachokizoea leo kushoto, kesho kitakuwa kulia, na hawatakuomba ruhusa. Usikasirike, wala usijidai kwamba mambo ni yale yale. Kubali kuwa mwanafunzi tena hata kama jana ulikuwa mwalimu, na ukubali kuchekwa, maana kicheko hakivunji mfupa. Jifunze chombo kikiwa kimesimama, kabla hujampakia mtu nyuma yako. Ukikosea, sema mwenyewe, sema mapema, na useme mbele ya yule uliyemkosea. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi inaishia juu ya mgongo wa mtu asiye na hatia. Kisha rudi pale pale ulipoangukia, ukapite vizuri. Hapo ndipo fahari ya kweli inapopatikana. Ile nyingine niliyokuwa nayo kabla haikuwa fahari, ilikuwa kelele.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono inayokubali kufundishwa, na ulimi usioogopa kukiri. Akupe mzee wa kukukemea ungali na nafasi ya kusikia. Kila kona utakayokunja uione kabla hujaifika, na wote watakaokaa nyuma yako wafike salama wakikusifu. Baraka zangu, na za walionitangulia, ziwe juu yako.